Skolashipu au basari: barua ipi ya shule uikubali?

Barua mbili zimefika wiki moja. Ya kwanza ina nembo ya dhahabu na inampongeza mtoto kwa kushinda skolashipu ya nusu ya ada. Ya pili ni kavu, imetoka ofisi ya fedha, haina pongezi yoyote, na inasema familia imepewa basari ya asilimia 60. Nyumba nyingi hukimbilia ile ya kwanza. Bibi anapigiwa simu, picha ya barua inawafikia mashangazi wote, na kabla ya jua kuzama uamuzi umeshafanyika bila mtu yeyote kuuliza: baada ya sherehe hizi, sisi tutabakiwa kulipa kiasi gani? Na mwaka wa tatu je?

Shule binafsi za maandalizi hutoa msaada kwa majina mengi, na kila jina lina namna yake ya kukupendeza. Nimewahi kukaa na wazazi kadhaa mezani tukisoma barua hizi neno kwa neno, na nimezoea kuyaweka majina pembeni na kuandika namba moja tu chini ya kila barua: baki. Yaani kile kitakachotoka mfukoni mwako.

Kabla ya baki, shule yenyewe. Nchini Uingereza, shule ya maandalizi ni ya watoto wadogo, kwa kawaida kuanzia miaka 7 au 8 hadi 11 au 13, na kazi yake ni kuwaandaa kwa mitihani ya kuingia sekondari binafsi. Nchini Marekani, jina hilo hilo ni la sekondari inayowaandaa vijana kwa chuo kikuu, na zile mashuhuri nyingi ni za bweni. Tofauti hii inagusa pesa moja kwa moja. Sekondari kongwe zina mali ya wakfu iliyorundikwa kwa vizazi, na faida ya wakfu huo ndiyo inayolipia wasio na uwezo. Shule ya watoto wadogo mara nyingi huishi kwa ada ya muhula huu huu. Anayetafuta msaada mkubwa kwa mtoto wa miaka 8 atakuta milango michache kuliko anayetafuta kwa wa miaka 13. Ndiyo maana wapo wazazi wanaomwacha mtoto katika shule ya serikali kwanza, kisha wakaomba pale pesa zilipo. Mimi naona hiyo ni busara kuliko kujikamua miaka mitano ya mwanzo na kufika sekondari mikono mitupu.

Skolashipu: heshima na masharti

Skolashipu hufuata kinachoonekana kwa mtoto: alama za mtihani, muziki, michezo, sanaa, maigizo. Haimuulizi mzazi anapata kiasi gani. Zamani maana yake ilikuwa kubwa zaidi. William wa Wykeham alipoanzisha shule ya Winchester mwaka 1382, aliweka nafasi 70 kwa wanafunzi maskini na wahitaji. Mfalme Henry wa Sita alipoanzisha shule ya Eton mwaka 1440 akaishia kwenye hesabu ileile ya 70, na hadi leo Eton ina wale wanafunzi wa mfalme, wanaopatikana kwa mtihani mgumu wakiwa na miaka 13 hivi. Siku hizo skolashipu na ufukara vilikwenda pamoja.

Siku hizi vimeachana. Katika shule nyingi za Uingereza skolashipu yenyewe hupunguza sehemu ndogo ya ada, asilimia 5 au 10, na nyingine haipunguzi hata senti. Ni cheo, beji, na masomo ya ziada na mwalimu mzuri. Anayehitaji zaidi huambiwa aongezee kwa kuomba basari. Kwa hiyo barua ikisema mtoto ameshinda skolashipu, swali la kwanza ni la aibu lakini lazima liulizwe: ina pesa ndani yake?

Marekani hali ina sura nyingine. Phillips Academy ya Andover, iliyoanzishwa 1778, na Phillips Exeter ya 1781 hazigawi pesa kwa alama. Msaada wao wote hufuata mahitaji ya familia. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake: mahali ambapo karibu kila aliyekubaliwa alikuwa wa kwanza darasani kwao, utamlipa nani kwa kuwa wa kwanza? Shule zinazotoa skolashipu nono kwa alama mara nyingi ni zile ambazo bado zinawatafuta wanafunzi wa aina hiyo. Hakuna ubaya. Ila ujue kwamba pesa ile ni bei ya kumvuta mtoto wako, na bei ya kuvutia ina tabia ya kulegea mtu akishaingia ndani.

Kuna pia masharti. Skolashipu ya alama hudai alama ziendelee. Ya muziki hudai bendi, kwaya na mazoezi ya alfajiri. Mtoto aliyeipata kwa fidla akiwa na miaka 12 anaweza kuichoka fidla akiwa na miaka 14, kama watoto wachokavyo, na hapo nyumba nzima inaanza kumshikia fidla kwa sababu ada imefungwa kwenye nyuzi zake. Nimeuona ugomvi huo. Haukuwa wa muziki.

Faida yake ni kwamba haikuchungulii. Hakuna fomu ya mishahara, hakuna anayeuliza thamani ya gari, na kipato chako kikipanda mwakani hakuna anayekunyang'anya. Kwa familia ya kipato cha kati, ambayo shule itaiona ina uwezo kiasi cha kuinyima basari na ambayo yenyewe inajua haina uwezo kiasi cha kulipa kwa raha, skolashipu ndiyo njia pekee ya maana.

Basari: kavu, lakini ina kina

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, *bursa*, mkoba. Basari hutazama mkoba wako. Unajaza fomu ndefu ya kipato, akiba, nyumba, madeni, idadi ya watoto na ada unazolipia wengine. Marekani shule nyingi hutumia mfumo wa pamoja, kama ule unaoitwa SSS: mzazi anajaza mara moja, mfumo unakadiria familia inaweza kuchangia kiasi gani, kisha kila shule inaamua yenyewe itatoa nini. Uingereza baadhi ya shule humtuma mkaguzi hadi nyumbani. Anakaa sebuleni, anakunywa chai, na macho yake yanatembea.

Watu wengi huishia hapo. Kuna fedheha ya kufunua mfuko mbele ya mgeni, na sitaidharau. Lakini pesa kubwa zipo huku. Mwaka 2007 Exeter ilitangaza kwamba familia yenye kipato cha dola 75,000 kwa mwaka au chini ya hapo haitalipa ada, na miaka iliyofuata kiwango hicho kikapandishwa. Huko Uingereza, Christ's Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa mafukara wa London, hadi leo hupanga ada kwa kipimo cha kipato cha nyumba, kuanzia bure kabisa hadi ada kamili. Skolashipu ya alama inayofika huko ni nadra mno.

Sasa mitego yake, na ni mingi kuliko ya skolashipu.

Wa kwanza ni kwamba kukubaliwa na kusaidiwa ni mambo mawili. Shule chache hukubali mwanafunzi bila kutazama uwezo wa mzazi. Andover imekuwa na utaratibu huo kwa zaidi ya muongo mmoja, na Exeter ilitangaza wake mwaka 2021. Zilizobaki hutazama. Bajeti ya msaada ikikaribia kuisha, mtoto wa asiyeomba pesa hupita kwa urahisi zaidi, na anayeomba anaweza kupata barua ya ajabu kidogo: amekubaliwa, lakini fungu la msaada limekwisha, asubiri kwenye orodha. Wazazi huidhani ni habari njema nusu. Mimi huihesabu kuwa hapana, mpaka pesa zionekane.

Wa pili ni pengo. Mfumo unaweza kusema familia inaweza kuchangia 30 katika kila 100, na shule ikatoa 50 tu. Zile 20 zimebaki hewani, na ni zako. Uliza wazi: je, mnafidia mahitaji yote mnayoyakadiria, au sehemu?

Wa tatu huwaumiza waliotengana. Shule nyingi za Marekani hutaka taarifa za fedha za wazazi wote wawili, hata kama mmoja hajamwona mtoto kwa miaka na hakimu alishaamua mambo yao. Mama anayelea peke yake anakuta kipato cha mtu asiyechangia kitu kimehesabiwa kana kwamba kiko mezani kwake. Shule huwa na njia ya kuomba msamaha wa takwa hilo, kwa barua na ushahidi, lakini lazima uombe mapema. Fomu ikishapelekwa ikiwa pungufu, inakaa kwenye rundo la zisizokamilika, na rundo hilo hakuna anayelifungua.

Wa nne: basari huhesabiwa upya kila mwaka. Ukipandishwa cheo, inapungua. Mtoto mkubwa akimaliza shule na ada yake kuondoka kwenye fomu, inapungua pia, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Upande wa pili wa hilo ni mzuri. Ukipoteza kazi au ukiugua, unaweza kuomba itazamwe tena, kitu ambacho skolashipu ya kiasi maalumu haina namna ya kukifanya.

Zikae meza moja

Tuchukue hesabu tupu, bila sarafu ya nchi yoyote. Shule ya skolashipu inatoza ada ya 100, ya basari inatoza 120, na zote zina gharama nyingine za 20: vitabu, sare, safari, kompyuta, bima. Barua ya dhahabu inasema nusu ya ada, lakini maandishi madogo yanasema ni nusu ya ada ya mwaka wa kwanza, yaani 50, na haitaongezeka. Barua kavu inasema asilimia 60 ya gharama zote. Gharama zinapanda asilimia 5 kila mwaka, na kipato cha nyumba hakijasogea.

| | Skolashipu | Basari |
|---|---|---|
| Ada na gharama nyingine | 120 | 140 |
| Msaada mwaka wa kwanza | 50 | 84 |
| Baki mwaka wa kwanza | 70 | 56 |
| Baki mwaka wa tatu | karibu 82 | karibu 62 |

Shule ya bei ghali imekuwa ya bei nafuu, na pengo linapanuka kila mwaka. Ukibadilisha maneno mawili tu, skolashipu ikawa nusu ya ada ya kila mwaka na basari ikawa ya ada peke yake bila gharama nyingine, faida ya basari inashuka mara moja: baki la kwanza ni 68 dhidi ya 70, karibu sare. Ndiyo maana sisemi basari ni bora siku zote. Nasema maneno "kiasi maalumu", "ya ada" na "ya gharama zote" yana uzito kuliko asilimia iliyoandikwa kwa wino mnene.

Gharama nyingine zinastahili jicho la pekee. Mwanafunzi wa bweni ana nauli za likizo. Mwanamuziki ana ala. Ziara ya darasa inatangazwa wiki tatu kabla, na mtoto aliyelipiwa ada yote anaweza kuwa ndiye pekee anayebaki shuleni. Shule nzuri huwa na fungu la siri la mambo hayo. Jibu lao ukiuliza kuhusu fungu hilo litakueleza mengi kuliko kitabu chao cha picha.

Pesa za watu wengine

Kuna msaada usiotoka shuleni. Marekani, shirika la A Better Chance, lililoanza 1963, huwatafutia vijana wenye vipaji kutoka jamii zilizosahauliwa nafasi katika shule hizi. Deval Patrick, aliyekuja kuwa gavana wa Massachusetts, aliingia Milton Academy kwa njia hiyo akitokea Chicago, na mwanamuziki Tracy Chapman aliingia Wooster School kwa njia hiyo hiyo. New York kuna Prep for Prep, iliyoanza 1978, ambayo humwandaa mtoto kwa miezi 14 ya masomo ya ziada kabla ya kumpeleka shule binafsi. Uingereza nayo ina taasisi za hisani zinazolipia bweni kwa watoto wenye maisha magumu.

Ukilinganisha na basari ya kawaida, njia hii ina mtu anayekushika mkono: anayejua fomu, anayejua mkuu wa udahili, na anayempigia mtoto simu muhula wa kwanza akiwa mpweke. Hilo mimi naliweka juu ya pesa. Bei yake ni muda. Miezi 14 ya Jumamosi na likizo si mchezo kwa mtoto wa miaka 11, na huwezi kuianza mwaka uleule unaotaka kuingia.

Kuna jambo moja la kodi kwa walio Uingereza. Tangu Januari 1, 2025, ada za shule binafsi hutozwa VAT ya asilimia 20. Shule ikipunguza ada yenyewe, kodi huhesabiwa kwenye kilichobaki. Mfadhili wa nje akilipia sehemu ya ada, kodi inakaa kwenye ada yote, kwa kuwa shule imepokea pesa yote. Msaada wa ukubwa uleule, kutoka mikono miwili tofauti, haufiki mbali sawa. Na tusisahau kwamba serikali ya huko iliwahi kulipia watoto katika shule hizi kwa mpango ulioanza mapema miaka ya 1980 na kufutwa baada ya uchaguzi wa 1997. Mpango wa serikali unaweza kufutwa kwa kura. Wakfu wa shule hauguswi na uchaguzi, ingawa nao huyumba na soko la hisa.

Punguzo la ndugu, la watoto wa wafanyakazi au la wanajeshi halihitaji maneno mengi. Omba kama unastahili, na uulize kama linaongezwa juu ya msaada mwingine au linaumeza. Kulipa kwa awamu si msaada hata kama kumeandikwa ukurasa mmoja na msaada. Mkopo wa ada ya sekondari mimi ningeukimbia. Mzazi anayekopa ili mtoto afike kidato cha mwisho anakuta chuo kikuu kinamsubiri mlangoni na deni la kwanza halijapoa.

Je, mtoto ajue?

Swali hili haliingii kwenye jedwali, lakini linaingia nyumbani. Mwandishi Mwingereza George Orwell alipelekwa mwaka 1911 kwenye shule ya maandalizi huko Eastbourne kwa ada iliyopunguzwa, kwa sababu wenye shule waliona kichwa chake kingewaletea sifa ya skolashipu. Hakuambiwa mwanzoni. Baadaye alipolegea masomoni, akakumbushwa kwamba anasoma kwa hisani. Akaja kuandika juu ya aibu hiyo akiwa mtu mzima, na maandishi yalichapishwa baada ya kifo chake. Wapo waliosoma naye walioikumbuka shule ile kwa wema zaidi, lakini hakuna aliyekana kwamba skolashipu aliipata: mwaka 1917 aliingia Eton akiwa miongoni mwa wale 70.

Mimi husema aambiwe, na aambiwe na wazazi, mapema, kwa maneno ya kawaida kabisa: shule inalipa sehemu hii, sisi sehemu hii. Na kabla ya kusaini, iulize shule ni nani mwingine atakayejua. Mwalimu wa darasa hana sababu ya kujua. Kama mwenye skolashipu anatajwa jukwaani na mwenye basari ananong'onwa kantini, hiyo nayo ni tofauti kati ya barua mbili, na unaweza kuilinganisha.

Kama ningekuwa wewe

Kipato chako ni kidogo na mtoto ana akili: nenda kwenye basari ya shule yenye wakfu mkubwa, usiogope bei iliyotangazwa, usihonge moyo wako kwa skolashipu ndogo ya shule ya jirani. Kipato ni cha kati: omba vyote viwili na acha baki liamue. Kipato chako hakitabiriki, unafanya biashara au kibarua: basari inayohesabiwa upya inakulinda mwaka mbaya, mradi utunze hesabu zako zikiwa safi, kwa sababu fomu humtazama aliyejiajiri kwa jicho la shaka. Unategemea kipato kitapanda sana: skolashipu ya asilimia, iliyohakikishwa hadi darasa la mwisho, haina mfano.

Tarehe usizicheze. Marekani maombi ya msaada hufungwa pamoja na ya udahili, mara nyingi mwezi wa Januari. Shule nyingi za bweni hutoa majibu Machi 10 na hutaka jibu lako kufikia Aprili 10. Mwezi huo mmoja ndio nafasi yako ya kupiga simu na kusema kwa adabu kwamba shule nyingine imetoa zaidi, au kwamba kuna jambo halikuingia kwenye fomu. Wanazipokea simu hizo kila mwaka. Peleka karatasi, usipeleke machozi.

Kisha soma mkataba, hasa ukurasa wa kuondoka. Uingereza ni kawaida kudai taarifa ya muhula mzima, na usipoitoa unalipa ada ya muhula huo. Marekani amana hairudishwi, na ikipita tarehe fulani unaweza kudaiwa ada ya mwaka mzima hata mtoto akiondoka mwezi wa pili. Uliza kama deni hilo litahesabiwa kwa ada kamili au kwa baki lako baada ya msaada, na jibu lipate kwa maandishi.